Kuanguka Majini Si Kufa: Somo la Kurudi Ndani ya Mtumbwi



Somo la safari hii ni la wale ambao chakula chao, karo ya watoto wao ama njia yao ya kwenda sokoni hupitia juu ya maji. Tunawaomba mlisome pamoja katika kikundi, polepole, na msiishie kusoma. Somo hili lisipofika majini ni bure.

Kwa nini tunalileta somo hili

Mtu akifa maji, swali ambalo wengi huuliza ni hili: "Je, alijua kuogelea?" Ni swali zuri, lakini si la kwanza. La kwanza ni: "Mtumbwi wake ulikuwa wapi?" Si mara moja tumesikia kwamba mtumbwi umepatikana ukielea, mzima kabisa, na mwenyewe hayuko. Kumbe alikuwa na kitu cha kumwokoa hapo hapo karibu naye. Alikiacha, ama alishindwa kukipanda.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka wa 2021. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 25 Julai iwe siku ya kukumbusha ulimwengu juu ya jambo hili. Nasi hatuko mbali nalo. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na ingawa sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu, watu wetu wengi wanaishi kwa hiyo asilimia 6: kutoka Port Victoria na Usenge, mpaka Mbita, Rusinga, Mfangano na Muhuru Bay. Kule Budalangi, mto Nzoia ukivunja kingo, mitumbwi hupita mahali palipokuwa mashamba. Na huko Baringo maji ya ziwa yalipanda sana tangu mwaka wa 2010 na tena mwaka wa 2020, yakafunika mashamba, shule na zahanati. Watu waliozoea kwenda kwa miguu ikabidi wavuke kwa boti.

Kwa hiyo tusiseme hili ni somo la wavuvi peke yao. Mama anayekwenda kununua omena kisiwani, mwanafunzi anayevuka kwenda shule, na mgonjwa anayepelekwa hospitali, wote ni wasafiri wa maji.

Mchezo mfupi wa kuanzia

Wekeni benchi moja jepesi mbele ya watu. Hilo ndilo mtumbwi. Wachezaji ni wawili, Mzee na Kijana. Ni usiku, na wanavuta wavu.

KIJANA: Mzee, wavu umenasa.

MZEE: Vuta ukiwa umekaa, kijana.

KIJANA: Hautoki hivyo. Ngoja nisimame kidogo tu. *(Anasimama, anavuta kwa nguvu, anaanguka majini.)* Mzee! Nipe mkono!

MZEE: Nakuja! Nakuja! *(Anasimama, anakimbilia upande ule ule, anainama. Benchi linapinduka. Sasa wote wawili wako majini.)*

KIJANA: Naona taa za ufuo. Si mbali. Mimi naogelea.

MZEE: Wee kijana, usiuache mtumbwi! Rudi!

*(Kijana anaenda. Kimya.)*

Mkisha kucheza, jadilianeni katika vikundi vidogo vya watu watatu watatu:

1. Mmeona nini katika mchezo huu?
2. Kwa nini kijana alianguka? Na kwa nini benchi lilipinduka?
3. Mzee alitaka kusaidia. Je, alisaidia?
4. Taa za ufuo zilionekana karibu. Je, zilikuwa karibu kweli?
5. Mambo haya yameshatokea kwetu? Ni nyumba gani iliyobaki na machozi?

Mpeni kila mtu nafasi ya kusema, hasa akina mama na wale waliowahi kuanguka majini. Halafu endeleeni na somo.

Jambo la kwanza: shika mtumbwi

Wahenga walisema, mfa maji haachi kutapatapa. Sisi tunaongeza kwamba kutapatapa kwenyewe ndiko kunakommaliza. Ukianguka ghafla, mwili hushtuka, pumzi inakuwa fupi, na maji hutaka kuingia mdomoni. Katika dakika hiyo ya kwanza usijaribu kupanda wala kupiga kelele nyingi. Fanya mambo mawili tu: nyosha mkono ushike mtumbwi, kisha uvute pumzi mpaka itulie.

Shika mtumbwi *mara moja*. Upepo husukuma chombo kitupu kwa kasi, na mtu aliyevaa nguo zilizolowa hawezi kushindana nacho. Kasia likiwa karibu, lishike pia. Lakini kati ya kasia na mtumbwi, chagua mtumbwi.

Mawimbi yakiwa makubwa, kaa upande ule mawimbi yanakotoka. Ukikaa upande wa pili, wimbi litakupigia mtumbwi kichwani.

Pumzi ikitulia, vua viatu vya mpira kwa kutumia miguu yenyewe, na uvue koti zito. Jaketi la kuokoa maisha usilivue hata kidogo. Ukijiona umenaswa na wavu, usipige mateke. Tulia, shika mtumbwi kwa mkono mmoja, na ujifungue kwa mkono wa pili. Ndiyo sababu mvuvi anafaa awe na kisu kidogo chenye ala, kimefungwa mahali anapoweza kukifikia.

Tumbo, makalio, miguu

Sasa tuje kwenye kurudi ndani. Watu wengi hukosea hapa. Mtu hushika ukingo, anauning'inia kama anayetaka kupanda ukuta, na miguu yake inaingia *chini* ya mtumbwi. Akijivuta, mtumbwi unamlalia. Akijaribu tena, unapinduka. Mara ya tatu mikono haina nguvu.

Hebu mtazameni mtoto anayepanda punda. Hajaribu kusimama juu yake. Anaruka, anajilaza kwa tumbo juu ya mgongo, anapumzika kidogo, halafu ndipo anazungusha miguu na kukaa. Kupanda mtumbwi ni vivyo hivyo. Fuateni hatua hizi:

1. Chagua mahali. Mtumbwi mwembamba wa mbao uingie kwa mwisho wake, mbele ama nyuma, kwa sababu ukiingilia ubavuni unapinduka upesi. Mtumbwi mpana unaweza kuuingia kwa ubavu, karibu na nyuma. Penye injini, usiingilie nyuma. Panga ya injini ni kisu hata ikiwa imesimama.

2. Weka mikono yote miwili juu ya ukingo, upana wa mabega yako. Usiushike kwa vidole tu. Weka viganja.

3. Inua miguu nyuma yako mpaka ielee. Hii ndiyo siri ya somo lote. Mwili ulale juu ya maji kama mkeka, usining'inie kama ndoo kisimani. Miguu ikielea, maji yenyewe yanakubebea nusu ya kazi.

4. Piga mateke kwa nguvu, na wakati huo huo sukuma ukingo chini kuelekea kiunoni. Usijiinue kwenda juu, bali teleza kwenda mbele. Kifua kwanza, kisha tumbo.

5. Kitovu kikivuka ukingo, simama hapo. Lala kifudifudi, kichwa chini ndani ya mtumbwi. Pumzika. Usiwe na haraka, umeshashinda sehemu ngumu.

6. Geuka polepole ulale chali, makalio yashuke kwenye sakafu ya mtumbwi.

7. Ingiza miguu mwisho, mmoja baada ya mwingine. Baki umekaa chini. Usisimame.

Wafundisheni hata watoto maneno haya matatu, wayaseme kwa kuimba: *tumbo, makalio, miguu.* Mtu aliyeogopa hawezi kukumbuka hotuba, lakini maneno matatu atayakumbuka.

Na ukijaribu mara tatu ukashindwa, acha. Shika, pumzika, tafuta njia nyingine. Nguvu ya mikono ni kama akiba ya chama, ukiimaliza siku ya kwanza hutakuwa na kitu siku ya shida.

Mkiwa wawili: kumbukeni benchi

Sote tumeona benchi likipinduka watu wanapoinuka upande mmoja na mwenzao amebaki mwishoni kabisa. Halikuwa na ubaya wowote. Uzito ulihama tu. Mzee wa mchezo wetu alikimbilia upande ule ule wa kijana, na hapo mtumbwi haukuwa na la kufanya ila kupinduka.

Kwa hiyo aliye ndani akae chini, na aegemee upande *wa pili*. Anayeingia asubiri mpaka aambiwe, "Njoo." Mkiwa watatu ndani, mmoja ndiye anayemsaidia aliye majini, na wawili wanalinda uzito upande wa pili. Anayesaidia apige magoti, amshike mwenzake kwa mabega ya jaketi ama chini ya makwapa, na wahesabu pamoja: moja, mbili, tatu. Kwenye tatu aliye majini anapiga mateke, na aliye ndani anavuta huku akijilaza nyuma. Asivutwe kwa mikono peke yake, kwa maana bega linaweza kuteguka.

Penye injini, *zimeni kwanza*. Msingojee mpaka mmfikie.

Na wote wawili wakiwa majini, mmoja ashike upande mmoja na wa pili upande mwingine. Anayeshikilia hutumia uzito wake kuuzuia mtumbwi, na mwenzake anaingia. Anayeingia kwanza awe yule mwepesi na mwenye nguvu, kisha amsaidie wa pili. Lakini kukiwa na mtoto ama mtu aliyelegea, huyo asukumwe ndani kwanza.

Mtumbwi ukipinduka ama kujaa maji

Mtumbwi wa mbao usio na mzigo huelea hata ukijaa maji, kwa sababu mbao ni nyepesi kuliko maji. Wenye injini na nyavu zilizolowa unaweza kushuka upande wa nyuma. Kwa hivyo, inapobidi kuchagua kati ya wavu na uhai, acheni wavu uende. Tunajua wavu ni mkopo. Mkopo wa wavu hulipwa, lakini mwenye kuulipa akizama nani ataulipa?

Kwanza hesabianeni majina, kila mtu aitike. Kisha ugeuzeni mtumbwi: wote mkae upande mmoja, mshike mkuku ama ukingo wa mbali, mkanyage ukingo wa karibu na kujilaza nyuma pamoja. Jilindeni vichwa unapogeuka.

Ukisha kukaa sawa umejaa maji, msikimbilie kuingia. Mmoja ashike nyuma, wa pili ashike mbele, mtumbwi usiyumbe. Mwingine akae nje, ashike ukingo, na atoe maji kwa kopo. Maji yakipungua kiasi cha ukingo kusimama juu ya mawimbi, yule mwepesi aingie kwa *tumbo, makalio, miguu*, aendelee kuyatoa akiwa amekaa ndani. Wengine waingie mmoja mmoja. Lakini kopo litatoka wapi kama halikufungwa kwa kamba? Kopo lisilofungwa ndilo la kwanza kuondoka.

Boti za mpira za kujazwa upepo

Vyombo hivi vidogo vyepesi vinavyopigiwa kasia, vilivyotengenezwa kwa mpira ama plastiki nene, huletwa na wageni, na huweza pia kutumiwa kwa uokoaji na matembezi ya watalii. Kanuni ni zile zile, ila kuna tofauti nne.

Ya kwanza, ni vyepesi mno. Upepo ukikipata kitupu, kinakimbia kama karatasi. Hapa ile amri ya "shika mtumbwi" ni kali maradufu. Kasia nalo lifungwe kwa kamba fupi.

Ya pili, ubavu wake ni mnene na wa mviringo, unateleza, hauna mahali pa vidole. Basi shika mpini ama kamba iliyoshonwa kwake, ama nyosha mkono uvuke ushike kitu cha upande wa mbali. Kwa sababu chombo ni kipana na kinakaa juu ya maji, hiki unaweza kukiingia kwa ubavu, usawa wa kiti, bila kupinduka kirahisi. Miguu ielee, piga mateke, tumbo livuke, kisha geuka ukae.

Ya tatu, kikipinduka ni rahisi kukigeuza. Kaa kwa ubavu, shika ukingo wa mbali, weka magoti kwenye ukingo wa karibu, jilaze nyuma. Maji yaliyomo hayatakizamisha, kwa maana hewa iko ndani ya mpira. Ingia kwanza, utoe maji baadaye.

Ya nne, kikiwa na upepo mchache kitakunja katikati unapokiegemea, na hutapata pa kujisukumia. Hewa iliyojazwa wakati wa jua kali hupungua nguvu chombo kikiingia kwenye maji baridi. Kipimeni tena kikiwa majini, mwongeze upepo kabla ya kuondoka. Vingi vina vyumba vya hewa zaidi ya kimoja, hivyo kimoja kikitoboka msikiache chombo. Vilivyobaki vitawabeba.

Vifaa ambavyo kikundi kinaweza kujitengenezea

*Kitanzi cha mguu.* Huyu ndiye rafiki wa mzee, wa mama mjamzito na wa yeyote asiye na nguvu ya mikono. Chukueni kamba nene kama kidole. Ncha moja ifungwe kwenye ubao imara wa kukalia. Ncha ya pili iwe kitanzi kinachoning'inia nje, sentimita 60 hadi 80 chini ya ukingo. Pitisheni kamba ya kitanzi ndani ya kipande cha mpira wa kumwagilia maji ili kibaki wazi, mguu uingie na kutoka bila kunasa. Aliye majini anakanyaga kitanzi kama ngazi na kujilaza mbele kwa tumbo. Mkiwa safarini kitanzi kikae ndani, kimekunjwa, mahali mtu wa nje anapoweza kukivuta.

*Jerikeni tupu.* Jerikeni ya lita 20 iliyofungwa kifuniko vizuri huinua karibu kilo 19 majini. Mbili zikifungwa chini ya mbao za kukalia, moja mbele na moja nyuma, mtumbwi uliojaa maji utaelea juu zaidi na kutoa maji itakuwa rahisi. Lakini jerikeni si jaketi. Inataka mikono ya kuishika, na mikono huchoka.

*Jaketi la kuokoa maisha.* Mtu majini hahitaji kuinuliwa kwa kilo nyingi, tano hivi zaweza kutosha kichwa kikae juu, mradi jaketi lifungwe kamba zote. Jaketi lisilofungwa hupanda mpaka masikioni. Jaketi linalokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Mtoto apewe la mtoto.

*Filimbi, tochi na kamba ndefu.* Sauti ya mtu huisha, filimbi haichoki.

Zoezi la majini: siku tatu

Ombeni ruhusa kwa kamati ya ufuo, yaani BMU, na mtafute mtu mmoja anayejua kuogelea vizuri awe mwangalizi. Asifanye kazi nyingine. Chagueni mchana, siku isiyo na upepo, mahali pasipo na matete, magugu maji wala njia ya viboko. Maji yasipite kifua. Kwa ajili ya kichocho, msikae majini kupita lazima, mjifute vizuri mkitoka, na mwende zahanati kupimwa. Dawa yake ipo.

*Siku ya kwanza, nchi kavu.* Mtumbwi ukiwa mchangani, kila mtu afanye tumbo, makalio, miguu mara tano. Mtacheka sana, na ni vizuri.

*Siku ya pili, maji ya kiunoni hadi kifuani.* Wawili wawili, mmoja anashikilia na mwingine anaingia. Kisha kwa kitanzi. Kila mtu aliyevaa jaketi aingie angalau mara tatu.

*Siku ya tatu, nguo za kazi.* Rudieni mkiwa na nguo mnazovaa ziwani na mtumbwi uliojaa maji. Hapo ndipo mtagundua kopo halikufungwa, kitanzi ni kirefu, jaketi ni dogo. Heri kugundua hapo kuliko saa nane ya usiku katikati ya ziwa.

Usipoweza kurudi

Baki na mtumbwi. Tunarudia: baki na mtumbwi. Taa za ufuo usiku hudanganya, zinaonekana karibu na ziko mbali. Tena mtumbwi huonekana na waokoaji upesi kuliko kichwa kimoja juu ya mawimbi. Ukiweza, jilaze juu ya mtumbwi uliopinduka ili sehemu kubwa ya mwili itoke majini. Maji yetu si ya barafu, lakini mtu akikaa usiku kucha huku upepo ukimpiga, mwili hupoa na kuchoka. Mkiwa wengi, kumbatianeni, watoto katikati. Pigeni filimbi mara tatu, mnyamaze msikilize, mpige tena.

Nanyi mnaokwenda kuokoa, msiruke majini. Tupeni kamba, nyosheni kasia, tupeni jerikeni. Anayezama humkumbatia mwokozi wakazama wote.

Akitolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msimkamue tumbo. Mlazeni chali, inua kidevu, bana pua, mpulizieni pumzi tano kinywani. Asipoanza kupumua, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kisha pumzi mbili, na kuendelea hivyo mpaka msaada ufike. Hata akizinduka, afikishwe hospitali. Maji aliyoyavuta yanaweza kumletea shida baada ya saa kadhaa.

Maswali ya mwisho na kazi ya kikundi

1. Kikundi chetu kinatoa mkopo wa wavu na injini. Je, kinatoa mkopo wa jaketi? Kama hapana, kwa nini?
2. Wako wanaosema kuvaa jaketi ni uoga, ama ni kujiitia mkosi. Tutawajibuje bila kuwadharau?
3. Ni nani katika kikundi hawezi kabisa kurudi mtumbwini peke yake? Tutamwekea nini?
4. Ni nani husikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya mitumbwi kuondoka, na huwaambiaje wengine?
5. Mtumbwi ukichelewa, nani anajua umeenda upande gani na watu wangapi? Je, tuna daftari ufuoni?

Kabla ya kuachana, andikeni katika kitabu cha mikutano mambo matatu tu: tarehe ya zoezi la kwanza, jina la mwangalizi, na mtumbwi utakaofungwa kitanzi kwanza. Mkutano unaofuata, katibu asome. Kama hayakufanyika, msiendelee na ajenda nyingine mpaka mseme ni lini yatafanyika.

Kuanguka majini ni jambo la kawaida kwa mtu wa maji, kama vile mkulima kujikata na jembe. Hatuwezi kuwaahidi kwamba hamtaanguka. Tunachotaka ni kwamba siku ile mtu wenu atakapoanguka, mikono yake na miguu yake iwe inajua tayari cha kufanya, hata kama akili imejaa hofu. Shika mtumbwi. Tumbo, makalio, miguu. Halafu piga kasia, urudi nyumbani.